Kinywa kimekauka, chakula hakina ladha: cha kufanya baada ya korona au mafua makali

Mtu aliyetoka kuugua korona au mafua makali akisema "chakula hakina ladha", huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu. Huenda mate yamepungua, chakula hakilowani vya kutosha, na ulimi haupati cha kuonja. Huenda ulimi wenyewe umeacha kutofautisha chumvi na sukari. Au ulimi ni mzima kabisa na pua ndiyo iliyozimika, na kwa waliougua korona hili la tatu ndilo hutokea mara nyingi zaidi. Kila moja lina njia yake. Chumvi na pilipili hazirudishi harufu, na kunusa karafuu hakuongezi mate. Wengi humaliza mwezi mzima wakiuhangaikia ulimi usio na kosa, kwa hiyo pima kwanza.

Kupima mate

Tafuta kikombe kidogo safi na bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yenyewe. Maduka ya dawa huliuza kwa bei ndogo. Pima asubuhi, ukiwa umekaa angalau saa moja bila kula, kunywa, kupiga mswaki, kutafuna wala kuvuta sigara. Kaa kitako, inamisha kichwa mbele kidogo, meza mate yaliyomo kinywani, kisha washa saa ya simu. Kwa dakika 15 usimeze, usiongee, usichezeshe ulimi. Acha mate yakusanyike yenyewe na uyateme kwenye kikombe kila baada ya dakika moja. Ukimaliza, subiri povu litulie, vuta mate kwa bomba, soma.

Mtu wa kawaida hupata mililita 4 hadi 6 hivi. Ukipata 1.5 au pungufu, tezi za mate zimezorota kweli, na huo ndio mpaka ambao madaktari wa meno huutumia. Ukipata kati ya hapo, tezi zinafanya kazi ila kuna kinachokausha kinywa: unapumua kwa mdomo kwa sababu pua imeziba, hunywi maji ya kutosha, au kuna dawa unayotumia. Kipimo huharibika kirahisi. Harufu ya vitunguu jikoni huchochea mate kwa anayenusa, na povu likihesabiwa hukudanganya kwa mililita nzima.

Asiye na bomba afanye hivi: abandike mgongo wa kijiko cha chuma ndani ya shavu kisha akiondoe. Kinywa chenye mate hukiachia kijiko mara moja, kikavu hukinata. Angalia pia chini ya ulimi mbele ya kioo. Hapo panatakiwa kuwe na kidimbwi kidogo cha mate, na pakiwa pakavu ilhali umekunywa maji vizuri, si hisia tu.

Ukiwa hapo kwenye kioo, vuta shavu upate kuona jino la pili kutoka mwisho la juu (au la mwisho, kama jino la busara halikuota). Mkabala na jino hilo, shavuni, kuna kinundu kidogo: ndiyo tundu la tezi kubwa ya mate. Pafute kwa kitambaa safi, kisha sukuma polepole kwa vidole kutoka mbele ya sikio kuja mdomoni. Tone safi kama maji ni dalili njema. Usaha au mate mazito ya njano maana yake tezi imepata maambukizi ya bakteria, na hiyo ni safari ya hospitali, haitibiwi nyumbani.

Kupima ulimi, kisha pua

Andaa vikombe vinne, kila kimoja kikiwa na mililita 100 za maji, yaani chini kidogo ya nusu glasi. Cha kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha sukari. Cha pili robo kijiko cha chumvi. Cha tatu kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Cha nne acha maji, weka kahawa nyeusi iliyopoa isiyo na sukari. Funga macho, bana pua, na mtu mwingine akupe kijiko kimoja kimoja kwa mpangilio asiokuambia, ukisukutua kwa maji matupu kila baada ya kimoja. Kahawa iwe ya mwisho, kwa sababu uchungu hubaki ulimini. Usitumie chembe kavu za chumvi wala sukari: kwenye ulimi mkavu haziyeyuki, na utaandika kwamba ulimi umekufa kumbe umekosa maji tu.

Ukivitambua vyote vinne, ulimi wako ni mzima. Sasa changanya kijiko cha sukari na robo kijiko cha mdalasini wa unga. Bana pua, weka kidogo ulimini, tafuna. Utapata utamu mtupu. Baada ya sekunde 10 achia pua huku ukipumua nje. Mdalasini ukija ghafla, pua inafanya kazi. Ukibaki na utamu uleule, tatizo liko puani, hata kama ungeapa kwamba ni ulimi. Harufu ya chakula hupanda kutokea nyuma ya koo, na ubongo huihesabu kama ladha, ndiyo maana watu wengi huchanganya.

Kirusi kinafanya nini humo

Kirusi cha korona huingia kwenye chembe zenye kipokezi kiitwacho ACE2. Juu kabisa ndani ya pua, chembe zenye kipokezi hicho kwa wingi ni zile zinazoishikilia na kuilisha mishipa ya harufu, si mishipa yenyewe. Walezi wakiugua, mshipa unazima ingawa haujafa, na ndiyo sababu wengi hurudiwa na harufu ndani ya wiki mbili hadi nne. Pale ambapo uharibifu umeenda mbali zaidi, mshipa hulazimika kuota upya, na hiyo ni miezi. Tezi za mate na ngozi ya ndani ya kinywa nazo zina kipokezi hicho, kwa hiyo nazo huambukizwa moja kwa moja. Chembe za ladha ulimini huishi siku 10 hivi kisha hubadilishwa, jambo linalofanya ladha halisi irudi mapema kuliko harufu. Aina ya Omikroni imezima pua za watu wachache kuliko aina zilizoitangulia, lakini bado inazima.

Mafua ya kawaida hufanya yaleyale kwa njia nyingine: uvimbe na kamasi huzuia hewa isifike juu, mgonjwa anapumua kwa mdomo usiku kucha, anaamka na ulimi kama kipande cha gunia. Homa nayo imemkausha maji. Matubwitubwi huingia kwenye tezi za mate zenyewe, mashavu yakavimba na kila tonge likauma.

Kurudisha unyevu kinywani

Toa dawa zako zote mezani kwanza. Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, kama klofeniramini na promethazini, hukausha mate. Ndivyo zilivyo pia zile za kufungua pua zenye pseudoefedrini, amitriptilini, dawa za presha zinazoongeza mkojo, na haiosini ya kutuliza tumbo. Upande wa ladha, metronidazole huacha ladha ya chuma, na klarithromaisini na Paxlovid, dawa ya korona, huacha uchungu mdomoni hadi dozi iishe. Dawa ya mafua uliyojinunulia na ambayo bado unaimeza wiki ya tatu, iache. Ya presha, kisukari au ya akili usiiguse bila kuzungumza na aliyekuandikia. Miraa, sigara na pombe vyote hukausha kinywa, na hakuna sukutuo litakaloshindana na kifurushi cha miraa kila jioni.

Pili, fungua pua. Osha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku: mililita 250 za maji yaliyochemka na kupoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, na chembe ya bikaboneti ili yasichome. Maji yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, na sehemu za juu kama Limuru au Molo yachemke dakika 3. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hayaingii puani hata siku moja, kwani vimelea vingine visivyodhuru tumboni ni vya hatari kubwa vikipitia pua. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, sema "aaa", na sukuma polepole kwa bomba la mililita 20 kwenye tundu la juu. Maji yatatokea tundu la pili. Yakichoma, chumvi imepungua au imezidi. Yakiingia sikioni, umesukuma kwa nguvu. Dawa za kupuliza za kuzibua pua zisizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi ukiziacha.

Maji ya kunywa yaende kwa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 15 hadi 20, siku nzima. Kunywa lita moja kwa mkupuo huishia chooni na kinywa hubaki kikavu vilevile. Mtu mzima alenge lita 2 hivi, isipokuwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo chake. Kama homa au kuhara kumekutoa maji, tumia ORS, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo, kwa lita moja ya maji salama. Chumvi ikizidi hapo unazidisha ukavu. Anayefunga Ramadhani mate yakiwa chini ya 1.5 ajue kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Tezi huamka kwa kutafunwa kitu. Jojo isiyo na sukari, bora yenye zailitoli (kitamu cha badala ya sukari), dakika 10 baada ya kila mlo, inatosha. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe, na usiiache pale mbwa anapoweza kuifikia, zailitoli ni sumu kwake. Mswaki wa mti nao huchochea mate vizuri, ukitafunwa polepole. Ubuyu wa sukari na pipi za limau hutoa mate kweli, ila kinywa kisicho na mate hakina cha kuosha sukari na tindikali, na meno huanza kuoza kwenye mizizi ndani ya miezi michache. Ukitaka uchachu, nusa au lamba kipande cha ndimu mara moja kabla ya kula, si kukifyonza siku nzima.

Sukutuo bora ni la bei nafuu kuliko yote: robo kijiko cha chai cha bikaboneti na nusu ya hiyo ya chumvi, kwenye mililita 250 za maji ya uvuguvugu. Sukutua nusu dakika, tema, mara nne hadi sita kwa siku, hasa baada ya kula. Tengeneza jipya kila siku. Hapa ndipo watu hukosea jikoni. Bikaboneti ni ile beking soda safi, unga mweupe laini usio na kitu kingine. Beking poda imechanganywa na tindikali na wanga, itatoa povu na haitafanya kazi. Hamira ni chachu. Na magadi, yale mawe ya kulainishia maharage, ni makali mno na huunguza ngozi ya kinywa iliyokwisha kuwa dhaifu. Kama pakiti haina maandishi, au muuzaji amekupimia kwenye karatasi, usiisukutue. Sukutuo za dukani zenye spiriti nazo zikae pembeni. Ule mchomo wake hukausha, hausafishi zaidi.

Usiku mate hupungua kwa kila mtu, na kwa mwenye tatizo hukauka kabisa. Kabla ya kulala paka nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya zeituni ndani ya mashavu na juu ya ulimi, sambaza kwa ulimi, tema yanayozidi. Midomo ipake vaselini. Mafuta yasiingie puani, kwa kuwa yakiteremka mapafuni huleta nimonia ya aina yake. Geuza feni isikupulize usoni, lala kwa ubavu na kichwa kimeinuliwa, na weka kikombe cha maji karibu.

Meno yanataka dawa yenye floraidi ya kati ya 1000 na 1500 ppm, soma nyuma ya tyubu. Kiasi cha punje ya harage, mara mbili kwa siku, ya pili iwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Tema povu, usisuuze kwa maji, acha floraidi ibaki. Mswaki wa mti hauchukui nafasi yake hapo. Wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyasugua, kwani bila mate hayashiki vizuri, yanateleza na kuchubua fizi.

Angalia ulimi na kaakaa kila siku mbili. Utandu mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu unaouma ni fangasi, wageni wa kawaida wa kinywa kikavu, hasa ukiwa umetumia antibayotiki, steroidi au kifaa cha kupulizia cha pumu. Nistatini ya maji ndiyo hutumika: huzungushwa kinywani kwa muda kabla ya kumezwa, mara nne kwa siku, kwa kipimo cha mtoa dawa. Aliyeimeza haraka kama dawa ya kikohozi ameipoteza bure.

Kuifunza pua upya

Kama kipimo cha mdalasini kilishindwa, kazi kubwa iko hapa. Mafunzo ya kunusa yalijaribiwa na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2009: harufu nne, mara mbili kwa siku, wiki 12. Za kwao zilikuwa waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Kwetu Pwani karafuu ni ya Pemba, limau liko sokoni, mkaratusi uko barabarani, na marashi ya mawaridi yapo kwenye kila nyumba iliyowahi kuoza binti.

Chukua chupa nne za jamu zenye vifuniko, zilizooshwa na kukauka. Ya kwanza weka kijiko kimoja cha chakula cha karafuu zilizopondwa kidogo tu, zipasuke. Ya pili ganda la limau moja lililokunwa, libadilishwe kila siku mbili kabla halijaota ukungu. Ya tatu majani matano au sita ya mkaratusi yaliyofikichwa, yabadilishwe kila siku tatu. Ya nne pamba iliyolowa vijiko viwili vya marashi ya mawaridi, ambayo ni mepesi, kwa hiyo yaongeze kila siku. Andika jina juu ya kila chupa.

Fungua ya kwanza, isogeze sentimita mbili hivi kutoka puani, vuta pumzi fupi fupi za upole kwa sekunde 20. Huku unavuta, kumbuka kwa makusudi harufu hiyo ilivyokuwa: pilau ya karafuu, ndimu ikikamuliwa juu ya samaki. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya zoezi, si pambo. Funga, pumzika nusu dakika hadi dakika moja, nenda ya pili. Zote nne hazizidi dakika tano. Asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala, baada ya kuosha pua. Kila Jumapili jipe alama, 0 hadi 10, kwa kila chupa, uandike. Wiki 12 zikiisha na kukiwa na mabadiliko, endelea na seti mpya, kwa mfano mdalasini, iliki, asumini na chungwa.

Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu chache zinazofahamika. Wengine huvuta kwa nguvu hadi kizunguzungu. Wengine hutumia mafuta ya kuchua yenye mentholi na kufurahi kwamba "nimenusa": ubaridi wa mentholi, mchomo wa pilipili na mwasho wa amonia husafiri kwa mshipa mwingine wa uso, na hata asiyenusa kabisa huvihisi. Mkaratusi una tabia hiyo kidogo, kwa hiyo usiutumie kama kipimo cha maendeleo. Tegemea waridi na limau. Na wengi zaidi huacha wiki ya tatu, kabla mshipa haujapata muda wa kuota. Mwenye pumu aache chupa inayomkaba kifua.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, harufu inaweza kurudi ikiwa imepotoka: kahawa inanuka kama mpira unaoungua, kitunguu kilichokaangwa kama mtaro, mayai na nyama choma havikaribiki. Inakera kuliko kutonusa kabisa, lakini mara nyingi ni mishipa inayoota na bado haijaunganishwa sawasawa. Endelea na mafunzo, ukiiondoa ile chupa inayokuchefua.

Jikoni

Aliyekauka kinywa na aliyepoteza harufu hawapikiwi chakula kimoja. Wa kwanza anahitaji kinachoteleza: mlenda, bamia, mtori, uji, maziwa mgando, samaki wa kuchemsha, ugali laini wenye mchuzi mwingi. Mlenda ni kama umetengenezwa kwa ajili yake. Mkate mkavu, biskuti, karanga na mihogo ya kukaanga humkwama na kumchubua. Karanga zisagwe zitiwe kwenye uji. Pilipili na ndimu kali zisubiri hadi vidonda vipone. Akipata ladha ya chuma, ale kwa kijiko cha mbao au plastiki.

Wa pili bado ana ulimi, mchomo, joto na mguso wa meno, basi vitumie hivyo. Kaanga nyanya hadi mafuta yajitenge, tia dagaa waliosagwa au uyoga, malizia kwa ndimu na pilipili, pembeni kachumbari inayotafunika. Chumvi ipime kwa kijiko, usionje ukiongeza: gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai cha msawazo, ndiyo kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kwa siku nzima, ikiwemo ya kwenye mkate na supu za pakiti. Presha nyingi huongezeka hapa bila mtu kujua. Mwenye harufu iliyopotoka ale vitu vilivyopoa na visivyokaangwa: viazi, wali mweupe, ndizi za kuchemsha, maharage yasiyo na kitunguu. Mvuke wa moto ndio unaobeba harufu.

Jipime uzito kila wiki. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi aongeze mafuta, karanga na maziwa kwenye kila mlo, na aonekane na mtaalamu.

Pua isiyofanya kazi pia ni mlinzi asiyekuwepo. Funga rejista ya mtungi wa gesi kila ukimaliza kupika, na mara moja kwa wiki paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakichemka, gesi inavuja. Kiporo kiandikiwe tarehe. Maziwa yachemshe kidogo kwenye kijiko, yakikatika yamwage. Mafuta ya taa na dawa ya madoa visikae kwenye chupa za maji au soda, maana huwezi tena kuvigundua kabla havijafika kooni.

Yanayouzwa na yanayosambazwa

Nyungu hufungua pua kwa robo saa, hairudishi harufu, na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza watu wengi, hasa watoto. Kikombe cha maji ya moto na kuvuta mvuke wake kwa mbali kunatosha. Zinki husaidia ladha kwa aliyepungukiwa nayo. Kwa mwingine, zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huondoa madini ya shaba mwilini. Kuiweka puani ni kosa kubwa: mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu dawa za mafua za zinki za kupaka puani kwa sababu watumiaji waliripoti kupoteza harufu. Vidonge vya steroidi usijinunulie. Hupandisha sukari na kufungulia fangasi mlango.

Lini uende hospitali

Harufu ikikosa kurudi hata kidogo baada ya wiki nne, muone daktari wa masikio, pua na koo. Mate yakibaki chini ya 1.5 kwa miezi mitatu, hasa macho nayo yakikauka na viungo vikiuma, kuna magonjwa ya kinga yanayotafutwa kwa vipimo vya damu. Beba karatasi ya vipimo vyako na pakiti za dawa zote, hata za kienyeji. Fangasi wa kinywani anayerudi baada ya kutibiwa anataka kipimo cha sukari na cha VVU. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi na kupungua uzito ni sukari hadi ithibitike vinginevyo; kisukari kipya kimeonekana kwa baadhi ya watu baada ya korona.

Usisubiri hata siku moja ukiwa na kisukari au umetumia steroidi na sasa upande mmoja wa uso unavimba au kuuma, kamasi ina damu, au kaakaa lina doa jeusi. Hiyo yaweza kuwa fangasi hatari iliyowapata wagonjwa wengi wa korona India mwaka 2021, na hula mfupa. Kushindwa kumeza maji, kutokojoa kwa saa nane au zaidi, kuchanganyikiwa au kuhema kwa shida navyo ni vya dharura.

La mwisho hukosewa mara nyingi. Mshipa wa saba wa uso ndio unaobeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi na amri ya mate kwa tezi za chini ya taya. Virusi vya mkanda wa jeshi vinaweza kuushambulia: ladha inapotea upande mmoja, kinywa na jicho vinakauka, kisha mdomo unapinda na jicho halifungi, pengine na vipele vyenye maji sikioni. Fika hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya saa 72. Kama mkono au mguu nao umelegea, au maneno hayatoki sawa, chukulia ni kiharusi na uondoke sasa hivi.